Shaba, sumaku na nyutroni: mhadhara uliotolewa Lubumbashi

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi,

Hapa Lubumbashi shaba tunaifahamu tangu utotoni, lakini waya wa shaba safi, hata ukipozwa kiasi gani, haujaonekana kupoteza ukinzani wake wote, yaani ule ugumu wa kupitisha umeme. Zebaki ilifanya hivyo mwaka 1911 kule Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Kamerlingh Onnes alipoifikisha nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwaka 1986 wanafizikia Bednorz na Müller walionyesha kwamba shaba ile ile, ikiungana na oksijeni, lanthani na bariamu, nayo huweza; na mwaka uliofuata ikapatikana nyingine, yenye itriamu, ambayo nyuzi 181 chini ya sifuri zinaitosha.

Ajabu iko hapa. Katika metali za kawaida kama zebaki, mitikisiko ya atomu ndiyo inayounganisha elektroni jozi jozi, nazo jozi hizo hupita bila ukinzani; na chembe chache za sumaku huziharibu jozi hizo. Kumbe oksidi ya shaba na lanthani, mama wa jamii hii, imejaa usumaku: kila atomu ya shaba ni kama sindano ndogo ya dira iliyoelekea kinyume na jirani zake, na umeme haupiti. Ukiweka strontiamu mahali pa sehemu ya lanthani, mpangilio huo huvunjika, lakini sindano huendelea kutikisika kwa kufuatana, na humo ndimo ukinzani unapotoweka.

Mitikisiko hiyo tunaionaje? Kwa nyutroni, chembe itokayo katika kiini cha atomu. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo hupenya hadi ndani kabisa, na yenyewe ni sumaku ndogo. Ikigonga sindano zile huacha sehemu ya nishati yake, nasi tunapima kilichopungua na upande ilikoelekea, kwa mtambo wa mihimili mitatu aliouvumbua Brockhouse wa Kanada. Ni kazi ya subira: fuwele nyeusi yenye uzito wa gramu kadhaa hufungwa kwenye kishikio cha alumini, metali ambayo nyutroni huipita bila shida kubwa, kisha mtu husubiri, nyutroni zikihesabiwa moja moja.

Mwaka 1991, Rossat-Mignod na wenzake, kule Grenoble, Ufaransa, waliona mitikisiko ya sindano katika fuwele ya ile oksidi ya shaba yenye itriamu ikijikusanya na kufanya kilele kwenye nishati ya elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 0.041 hivi. Fuwele ikipashwa joto hadi ukinzani urudi, kilele hicho hutoweka. Wapo wanaosema kwamba kilele ni matokeo tu ya jozi zilizokwisha kuungana, na hoja yao ina uzito. Mimi naamini mitikisiko yenyewe ndiyo inayoziunganisha, kwa kuwa kilele cha namna hiyo kilionekana tena mwaka 2008 katika michanganyiko ya chuma na aseniki, isiyo na shaba hata kidogo, lakini ambayo mama yake naye ana usumaku.