Kubadilisha Springi za Hewa za Nyuma Zinazovuja, Nyumbani

Assalamu alaykum, ndugu watazamaji, na karibuni uani kwetu hapa Chumbageni, Tanga. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Toyota Land Cruiser Prado ya umbo la 120, lile lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, na mkilitazama kwa ubavuni mtaona limekaa kitako mithili ya mbwa anayesubiri mfupa. Jana magharibi lilikuwa limesimama sawasawa. Usiku kucha limekuwa likipumua taratibu, na alfajiri hii upande wa kushoto wa nyuma umelala karibu juu ya tairi.

Si kila Prado ina mfumo huu wa springi za hewa. Nyingi zina springi za chuma nyuma, na mwenye gari la namna hiyo hana haja ya video hii. Katika magari ya daraja la juu, mahali pa koili ya chuma pamewekwa mfuko wa mpira mzito uliofumwa kwa nyuzi ndani yake, ukakalishwa juu ya bastola ya plastiki, yaani pistoni, na hewa ndiyo inayobeba uzito. Kompresa ndogo ya umeme huujaza, vali huishikilia hewa isirudi, na sensa yenye mkono mwembamba, uliofungwa kati ya chesisi na ekseli, huuarifu mfumo kama gari limeshuka au limepanda. Naomba muikumbuke sensa hiyo, kwa maana tutakapofika kwenye kujaza hewa ndiyo itakayotusumbua au kutusaidia.

Mpira huu huchakaa zaidi pale unapojikunja juu ya bastola. Kila gari linapopanda na kushuka, mkunjo huo husogea, na mchanga ulionaswa ndani yake huusaga mpira kidogo kidogo. Kwetu huku mwambao hakuna uhaba wa mchanga, wala wa jua, na mpira uliozeeka kwa joto huanza kuonyesha mipasuko myembamba kama ya udongo wa jaruba lililokauka.

Kabla ya kununua kitu chochote, hakikisheni kwamba kinachovuja ni springi yenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakitoa fedha nyingi kwa springi mbili mpya, kumbe tatizo lilikuwa oringi, ile pete ndogo ya mpira ya kuzibia kiungio, ya bei ya andazi. Chukueni futi ya fundi cherehani, mpime jioni kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, kisha mwandike. Pimeni tena asubuhi kabla ya kuwasha gari. Kwa gari hili jioni nilipata sentimita 52 pande zote mbili. Asubuhi kulia palibaki 51, na kushoto pakawa 45. Upande mmoja ukishuka peke yake namna hiyo, shaka kubwa iko kwenye springi ya upande huo, au paipu yake, au kiungio chake. Pande zote zikishuka kwa kiasi kilekile, anzeni kwa kuzichunguza vali na viungio vya kwenye kompresa.

Sasa washeni gari, acheni kompresa ilinyanyue, kisha mnyunyizie maji ya sabuni yenye povu zito kupitia nafasi iliyo juu ya tairi. Tumieni chupa ya kunyunyizia, na msiingize kichwa wala mkono kati ya tairi na bodi, wala msijilaze chini ya gari, maana kwa wakati huu hakuna kinacholishikilia isipokuwa hewa ileile tunayoituhumu. Nyunyizieni kwanza kiungio cha paipu, halafu mkunjo wa mpira. Tazameni hapa: kwenye kiungio povu limetulia, lakini kwenye mkunjo mapovu yanazaliwa moja baada ya jingine. Hapo hukumu imekwisha kutoka, springi haitengenezeki. Gundi ya mpira na viraka vya baiskeli, ambavyo kila mara hutokea mtu wa kuvipendekeza, havifai, kwa sababu eneo hilo halitulii hata dakika moja gari likiwa njiani.

Badilisheni springi zote mbili hata kama inayovuja ni moja, kwa kuwa zimezaliwa siku moja na zimekula mchanga uleule. Zangu zimetoka Dar es Salaam kwa basi, nikazipokea stendi ya Kange. Kabla ya kulipa, linganisheni namba ya spea na ile iliyo kwenye springi ya zamani, na mkatae springi iliyotumika, hata muuzaji aape kwamba imetoka Japani juzi, maana umri wa mpira hauonekani kwa macho mpaka ubebe mzigo.

Mpwa wangu, huyu anayeshika kamera, ameniuliza jana, "Mjomba, kwa nini tusiweke tu springi za chuma tukapumzika?" Ni swali la haki, na mafundi wengi hufanya hivyo. Koili haivuji, na kwa mtu anayekwenda shamba kila juma huenda ikamfaa zaidi. Hata hivyo atapoteza uwezo wa gari kujisawazisha likipakiwa mizigo, na itambidi ashughulikie taa ya onyo kwenye dashibodi. Gari hili hubeba familia na magunia ya machungwa kutoka Muheza, kwa hiyo nimeamua kulirudishia mfumo wake wa asili.

Tuanze kazi. Anzeni mapema, kabla jua halijawa kali, na mchague mahali pagumu na tambarare. Ua wetu una mchanga, ndiyo maana mnaona nimeweka mbao nene za mvule chini ya jeki na chini ya kila stendi, ili zisizame. Wekeni kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu breki ya mkono ya gari hili hushika magurudumu ya nyuma, nayo yatakuwa hewani. Zimeni mfumo wa urefu, yaani huu wa springi za hewa unaopandisha na kushusha gari, kwa kitufe chake, zimeni gari, kisha mtoe terminali hasi ya betri. Msiipuuze hatua hii: mfumo ukibaki hai wakati gari linainuliwa kwa jeki, unaweza kujaribu kulisawazisha, na gari likajisogeza wakati mikono yenu imo ndani.

Legezeni nati za tairi kidogo, inueni gari kwa kuinua chesisi, na mkalishe chesisi juu ya stendi mbili za chuma. Matofali ya saruji hayafai kwa kazi hii, maana hupasuka bila kutoa taarifa. Litikiseni gari kwa nguvu mkiwa mmesimama nje. Likicheza, shusheni mpange upya. Toeni magurudumu, kisha mwiweke jeki ya pili chini ya ekseli iishikilie bila kuinua.

Ondoeni mkono wa sensa kwenye ekseli kwa uangalifu, kwani vichwa vyake vya plastiki vilivyozeeka huvunjika upesi. Halafu vaeni miwani ya kinga, mwende kwenye kiungio cha paipu ya hewa. Chesisi imekaa kwenye stendi, kwa hiyo hewa ikitoka gari halitaanguka. Mtu aliyeifungua paipu hii gari likiwa limesimama kwa magurudumu tu hujikuta amelibeba yeye. Safisheni kwanza udongo wote kwa brashi na kitambaa, kisha mlegeze taratibu mpaka msikie mlio wa hewa, na msubiri hadi mlio ukome wenyewe. Paipu ikishatoka, zibeni mdomo wake kwa utepe safi ili mchanga usiingie, kwa sababu punje moja tu ikifika kwenye vali itawaletea uvujaji mpya, nanyi mtailaumu springi isiyo na kosa.

Shusheni jeki ya ekseli polepole ili nafasi iongezeke, huku mkiuangalia mpira wa breki na nyaya za sensa za magurudumu, visije vikavutika. Nafasi ikiwa ndogo, fungueni bolti ya chini ya shokapu, kisha mshushe kidogo zaidi. Springi hii hushikwa juu na klipu iliyopenya kwenye kikalio cha chesisi, na chini hukaa kwenye kikalio cha ekseli. Kabla ya kuitoa pigeni picha kwa simu, mkumbuke tundu la paipu limeelekea wapi na bastola imekaa vipi, hasa ikiwa gari lenu si la aina hii. Klipu zilizoliwa na kutu hunyunyiziwa dawa ya kulegeza na kusubiriwa. Mimi hutumia muda huo kunywa kahawa, na sijawahi kujuta.

Springi ikitoka, sugueni vikalio vyote viwili hadi viwe safi, kwani kipande cha kutu kilichosimama kitaukata mpira mpya. Wekeni oringi mpya na mzipake grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Grisi ya kawaida ya bolijointi msiitumie hapa, kwa kuwa mafuta yake yaweza kuvimbisha mpira. Ingizeni springi mpya ikiwa imeelekea kama ile ya zamani, rudisheni klipu, na mhakikishe mpira haukujipinda kati ya juu na chini. Ikiwa ncha ya paipu imechubuka, ikateni kwa wembe mkali, iwe wima kabisa, kisha muisukume mpaka ifike mwisho wake. Fanyeni vivyo hivyo upande wa pili, kisha mrudishe bolti za shokapu na mikono ya sensa.

Sasa tumefika pale nilipowaomba mkumbuke. Msishushe gari. Springi isiyo na hewa ikibebeshwa uzito, mpira wake hujibana vibaya kati ya bastola na kikalio, na huweza kukatika siku hiyohiyo. Mwaka juzi nilimfanyia jirani yangu kazi kama hii, nikawa na haraka ya kuwahi swala ya Ijumaa, nikateremsha gari kwanza na kuliwasha baadaye. Springi ilipasuka kabla hajafika Pongwe, na mpya nikainunua kwa fedha yangu.

Lakini mkiwasha gari ekseli ikiwa inaning'inia, mfumo nao hautajaza. Ekseli ikiwa mbali na chesisi, sensa hudhani gari limepanda mno, na badala ya kuleta hewa mfumo utataka kuitoa. Dawa yake ni hii: kwa jeki iliyo chini ya ekseli, inueni ekseli taratibu mpaka umbali wake na bodi ukaribie ule wa kawaida, ila ubaki pungufu kwa sentimita mbili au tatu. Kwa kuwa tairi halipo, pimeni kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu. Mimi nimesimamia 49. Tazameni mpira ukijikunja: mkunjo unapaswa kuwa wa mviringo uliolingana pande zote. Ukiona sehemu imeingia ndani, shusheni ekseli, mwinyooshe kwa mkono, mrudie.

Rudisheni terminali ya betri, ondokeni wote chini ya gari, fungeni milango, washeni injini, kisha mwashe mfumo wa urefu. Hiyo ndiyo sauti ya kompresa. Sensa inaona gari liko chini, hewa inaingia, mpira unajaa. Kompresa ikiunguruma kwa dakika mbili au tatu pasipo mabadiliko yoyote, zimeni na muiache ipoe, kisha mkague viungio, kwa sababu kompresa ndogo kama hii huungua, na bei yake ni msiba mwingine. Springi zikishashika, zimeni mfumo na injini, nyunyizieni povu kwenye kila kiungio, na mkiona pametulia rudisheni magurudumu. Inueni gari kidogo, ondoeni stendi, mteremshe polepole huku mmoja akiangalia mikunjo. Kazeni nati kwa kupishanisha, kwa mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Tumelizungusha hadi Raskazone na kurudi, taa ya onyo haijawaka. Magharibi nimepima sentimita 52 kushoto na 52 kulia, nikaandika ukutani kwa chaki. Hii ni asubuhi ya pili, gari halijawashwa, na mpwa wangu anasogeza kamera karibu na futi ili msome wenyewe: kushoto 52, kulia 52.