Waayalandi Walioitawala India kwa Niaba ya London

Ndugu zangu, nianze na mtihani. Zamani kijana hakupata kazi ya utawala India bila kuwa na mtu wake ndani ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala India. Mwaka 1855 ukaanza mtihani wa ushindani, na vijana wa Ayalandi, nchi iliyokuwa nayo ikitawaliwa na Waingereza na ambako ajira zilikuwa haba, wakauchangamkia. Chuo cha Trinity, Dublin, kikaanzisha masomo ya Kiarabu na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwa ajili yao. Tangu 1861 aliyefundisha Kiarabu hapo alikuwa Mir Aulad Ali, mwenyeji wa India, akiwaandaa vijana watakaokwenda kuitawala nchi yake. Kila nikimfikiria mwalimu huyo moyo huniuma.

Wengi hudhani aliyeonja kutawaliwa atamhurumia mtawaliwa mwenzake. Basi mtazameni Michael O'Dwyer, mtoto wa mkulima Mkatoliki wa Tipperary, Ayalandi. Ndiye aliyekuwa Luteni Gavana wa jimbo la Punjab, India, tarehe 13 Aprili 1919, Jenerali Dyer wa jeshi la Waingereza alipoamuru umati uliokusanyika Jallianwala Bagh, Amritsar, upigwe risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 379. Wahindi walihesabu vingi zaidi. O'Dwyer aliunga mkono kitendo kile na akaendelea kukitetea kwa miaka mingi, mpaka Mhindi mmoja, Udham Singh, alipomuua London, Machi 1940.

Antony MacDonnell ni habari nyingine, naye ndiye anayenishughulisha zaidi. Alizaliwa Mayo, Ayalandi, mwaka 1844, mwaka mmoja kabla viazi havijaoza mashambani na njaa kuanza kuwafagia watu wa kwao. Njaa ilipoingia Bihar, kaskazini mashariki mwa India, mwaka 1873, alikuwa ofisa huko. Akaandika kitabu kizima kuhusu nafaka na namna ya kuwafikishia wenye njaa. Mwaka 1901 aliongoza tume ya njaa ya India. Simtakasi: kodi ya mkulima aliikusanya kama wenzake, kwa serikali ileile. Lakini alijua njaa haiji kwa kukosa mvua peke yake, bali pia kwa mtu kulima ardhi isiyo yake.

Mwaka 1902 alirudishwa Dublin kama mtendaji mkuu wa serikali. Mwaka uliofuata alishiriki kuandaa sheria iliyowakopesha wapangaji wa Ayalandi fedha wanunue mashamba kutoka kwa mabwana ardhi. Mkulima wa Bihar hakuletewa sheria kama hiyo.