Msumari Kwenye Pembea

ZUHURA: Haya jamani tumerudi, mimi Zuhura na huyu kaka yenu Beka. Leo Beka kaja na karatasi kabisa, kaandika mambo matano ya kuangalia kabla hujampandisha mtoto pembea, lakini kwanza niacheni niseme ya Jumapili maana mpaka sasa mwili unanisisimka.

BEKA: Sema dada, karatasi itasubiri.

ZUHURA: Nimempeleka kitinda mimba wangu uwanjani, zile pembea za viti vya minyororo zinazozunguka, jenereta inanguruma, watoto foleni mpaka kwa muuza barafu. Keshakaa, kijana wa pembea kamfungia kile chuma cha mbele ya tumbo, mi nainama nimvalishe kandambili vizuri, ndo naona pale pa kuingia pini ya kukifungia pamepitishwa msumari. Umepindwa ncha basi.

BEKA: Wa inchi ngapi?

ZUHURA: Beka!

BEKA: Nina maana yangu.

ZUHURA: Kama nne hivi.

BEKA: Una kutu au unang'aa?

ZUHURA: Unang'aa, mpya kabisa.

BEKA: Basi hapo ndo pananiuma. Mi nimekulia gereji kwa mzee, msumari mpya maana yake kuna mtu juzi juzi tu kaona pini haipo. Kakagua, kaona, katafuta cha kuzibia, watoto wakaendelea kupanda. Na chuma cha msumari ni laini, si umeona umepindwa kwa nyundo tu, sasa kiti kikizunguka kinavutwa kwenda nje, mtoto kaegemea kile chuma, kila mzunguko msumari unafanyiwa kazi ambayo haukutengenezewa.

ZUHURA: Ila kuna ubovu hauonekani. Ile ya Ohio, Marekani, Julai 2017, pembea inaitwa Fire Ball, siku ya kwanza ya maonyesho ya jimbo, wakaguzi wameipitisha siku hiyo hiyo, jioni viti vikakatika na watu wake. Kijana wa miaka 18 akafa palepale, wengine saba wakaumia. Waliotengeneza, KMG wa Uholanzi, wakaja kusema kutu ilikuwa ndani ya boriti inayoshika viti, imekula chuma miaka na miaka.

BEKA: Boriti ina uwazi ndani, jicho haliingii humo, pale unataka kifaa cha kupima unene wa chuma. Lakini msumari wako uko nje, juani. Ulisema unaingia kutoka juu au ubavuni?

ZUHURA: Umerudi tena kwenye msumari!

BEKA: Kama ni ubavuni unaweza kuchomoka wenyewe ukitikisika.

ZUHURA: Ubavuni. Na mi namlaumu yule kijana. Mkono wake ndo uko kwenye swichi, angesema hiki kiti hakipandwi leo, kimekwisha.

BEKA: Hapana dada, hapo hapana. Yule analipwa kwa siku, akifunga kiti jioni anaulizwa hela. Pini hakunyimwa na Mungu, hajanunuliwa na mwenye pembea. Chukua Dreamworld, bustani ya michezo kule Australia, Oktoba 2016, ule mtambo wa maboti kwenye mto wa kutengeneza. Pampu ya maji ilishazima mara mbili siku hiyo, wanawasha, wanaendelea. Ya tatu maji yakashuka, boti likakwama, la nyuma likaja likaligonga, watu 4 wakafa. Hapakuwa hata na kifaa cha kusimamisha mtambo chenyewe maji yakipungua, na mtambo wenyewe wa tangu 1986. Mwaka 2020 mahakama ikaipiga faini kampuni, dola milioni 3.6 za kwao.

ZUHURA: Na pale pale palikuwa na kitufe, Beka, kipo karibu na dada mfanyakazi, kinasimamisha ule mkanda unaobeba maboti kwa sekunde mbili. Sekunde mbili! Hakikubonyezwa.

BEKA: Kafundishwa asubuhi ile ile, kaambiwa kitufe hicho asihangaike nacho! Sasa unamlaumu kwa lipi?

ZUHURA: Simlaumu yule dada. Nasema wa mwisho kumwona mtoto kabla mtambo haujazunguka ni anayewasha, huyo akinyamaza hakuna mwingine.

BEKA: Na mi nasema ukimtwisha yeye, mwenye mali analala usingizi.

ZUHURA: Mi siondoki hapo.

BEKA: Na mi nipo hapa hapa. Haya, studio wanatuonyesha zimebaki dakika mbili.

ZUHURA: Eh! Na yale matano?

BEKA: Hata la kwanza sijasoma. Basi, wiki ijayo. Hebu niambie, ulipomshusha mtoto, msumari ulienda wapi?

ZUHURA: Kijana kaupachika tena, kampandisha mtoto mwingine. Mama yake nikamwita, nikamwonyesha, naye akamshusha wake. Wa tatu sikumuwahi, pembea ilishaanza. Nimesimama pale mpaka ikasimama, Beka, mkono kifuani.

BEKA: Wanafungua lini tena?

ZUHURA: Jumapili, saa kumi.

BEKA: Napita gereji nachukua pini za saizi zote, twende. Ila mi nitamtafuta mwenye pembea.

ZUHURA: Mtafute. Mi nakwenda moja kwa moja kwa yule kijana.