Geuza Ukurasa Kwanza

Ndugu zangu, nimelisema sana na leo nalirudia: ukipata picha ya kasri iliyotoka kwenye jarida la karne ya 19, usianze na minara. Geuza nyuma.

Picha za majarida kama Illustrated London News, lililoanza 1842, kwa miongo mingi zilichongwa kwenye ubao. Ubao ulifungwa pamoja na herufi za chapa, vyote vikapigwa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana nyuma ya kasri la Windsor unakuta habari za bunge. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wako, na tarehe mara nyingi iko juu ya ukurasa. Halafu mtu anapaka gundi nyuma nzima, anabandika kwenye kadi, anakata pambizo ili picha iingie kwenye fremu! Tarehe imekwenda, namba ya ukurasa imekwenda, picha imebaki yatima.

Mtu ataniambia, "Lakini maandishi ya nyuma yanachungulia mbele, yanachafua anga." Basi weka karatasi nyeusi isiyo na asidi nyuma yake, yatafifia. Gundi ya nini?

Na ule mstari mweupe unaokata anga hadi ukutani? Si mkwaruzo. Shina la mti wa boksi (boxwood), mti mgumu uliotoa mbao hizo, ni jembamba, na ubao wa kuchongea hukatwa kwa kukingama shina ili ubebe mistari myembamba bila kumeguka. Picha kubwa kwa hiyo iliungwa kwa vipande vilivyokazwa kwa bolti. Vilifunguliwa, kila mchongaji akapewa chake, kisha vikakazwa tena. Kiungo kisipobana, wino haupati pa kushika. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 uufuate: umenyooka kabisa, na mara nyingi mwingine unaukata kwa pembe mraba. Anayeuziba kwa penseli anafuta alama ya kazi yenyewe. Nawaomba, acheni!

Muda unanibana, haya mengine nayapitisha haraka. Lenzi ikionyesha vitone vilivyopangika badala ya mistari, hiyo si picha ya kuchongwa kwa mkono. Rangi ya maji mara nyingi iliongezwa baadaye ili kumvutia mnunuzi. Kutundika picha kwenye kadi: vipande viwili vya karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini imara, gundi ya wanga wa ngano, ukingo wa juu tu, karatasi ipate nafasi ya kutanuka unyevu ukipanda. Kioo cha fremu kisiiguse. Selotepu hapana kabisa: gundi yake huzama, hugeuka kahawia, na doa ni vigumu sana kutoka.

Haya, maswali.