Kundi Gani ni Gumu? Hesabu za NFL Kabla ya Msimu wa 2025

(Mhadhara uliotolewa kwa wazungumzaji wa Kiswahili mjini Minneapolis, Jumamosi, Agosti 30, 2025)

Ndugu zangu, habari za jioni. Karibuni wote, na poleni mliotoka kazini moja kwa moja mkaja hapa. Naona jezi za zambarau ni nyingi ukumbini, kwa hiyo itabidi nichunge ulimi.

Swali la leo ni lile linalozua ubishi kila msimu unapokaribia: katika makundi manane ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, lipi ni gumu kuliko yote? Hapa Minnesota jibu hutolewa kabla muulizaji hajamaliza. Msimu uliopita kundi letu, NFC Kaskazini, lilivuna ushindi 45: Detroit 15, Vikings wetu wa Minnesota 14, Green Bay 11, Chicago 5. Timu tatu ziliingia mtoano. Ubishi wa nini tena?

Mimi ubishi nimekuja nao.

Kwanza niwasogeze haraka wale waliokulia kwenye kandanda. Timu ni 32, ziko kwenye konferensi mbili, AFC na NFC, na kila konferensi ina makundi manne yenye majina ya pande za dunia. Kila kundi lina timu nne. Mpangilio huu ni wa tangu 2002, Houston Texans walipoingia ligini. Ramani msiiulize sana, maana Dallas wako Mashariki na Indianapolis wako Kusini. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Anayeongoza kundi anaingia mtoano hata rekodi yake ikiwa mbaya, tena anaanzia nyumbani. Nafasi tatu zinazobaki katika kila konferensi wanapewa wenye rekodi nzuri kati ya walioshindwa kuongoza makundi yao.

Ratiba ndiyo yenye siri. Kila timu hucheza mechi 17. Sita ni dhidi ya wenzake wa kundi, nyumbani na ugenini. Nne ni dhidi ya kundi zima la konferensi yake, na nne nyingine dhidi ya kundi zima la konferensi ya pili. Makundi hayo hubadilika kila mwaka kwa zamu. Tatu za mwisho hupangwa kwa kuangalia timu ilishika nafasi ya ngapi mwaka uliopita. Kwa hiyo mechi 14 kati ya 17 zinatokana na kundi ulilomo, na ni tatu tu zinazokutofautisha na jirani yako. Timu za kundi moja zikipangiwa wanyonge, zinanona pamoja. Zikipangiwa wababe, zinakonda pamoja.

Sasa turudi 2022, maana sijaona mwaka uliowaumbua watabiri kuliko ule. Mwezi wa tatu, Denver walimleta kwotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Russell Wilson kutoka Seattle. Raiders wakamchukua Davante Adams kutoka Green Bay. Chargers wakamsajili Khalil Mack kutoka Chicago. Kansas City walikuwa na Patrick Mahomes wao, hawakuhitaji kelele. Kundi hilo ni AFC Magharibi, na kuanzia usajili hadi Septemba ilikuwa wimbo mmoja: kundi la kifo, halijapata kutokea. NFC Mashariki, kwa upande mwingine, lilikuwa kundi la kuchekwa. Miaka miwili nyuma Washington walikuwa wameliongoza kwa kushinda mechi 7 na kupoteza 9.

Mkajua mambo yalivyokwenda. Kansas City walishinda 14 na Chargers 10, lakini Raiders waliishia na 6 na Denver na 5. Denver wa Wilson, waliokwisha kumwongezea mkataba wa dola milioni 245, walishika mkia katika ligi nzima kwa kufunga pointi. Kocha wao, Nathaniel Hackett, hakumaliza hata msimu wake wa kwanza. Alifukuzwa siku moja baada ya kutandikwa na Rams 51-14 siku ya Krismasi. Na lile kundi la kuchekwa? Philadelphia 14, Dallas 12, Giants 9, Washington 8. Hakuna hata mmoja aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Watatu waliingia mtoano.

Mbishi atasema bingwa alitoka wapi. Kweli, Kansas City waliwafunga Philadelphia 38-35 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Lakini huo ni ubora wa timu moja, na swali letu ni la kundi. Kuwa na mbabe mmoja na vibonde wawili hakulifanyi kundi kuwa gumu. Kunampa mbabe mechi nne za mteremko.

Sasa hesabu, na nawaomba mnivumilie kidogo. Ndani ya kundi kuna mechi 12. Kila mechi ina mshindi mmoja na mshindwa mmoja, sare ni nadra. Hata ukiokota timu nne mbovu kuliko zote ukaziweka kundi moja, zitajipatia ushindi 12 kwa kupigana zenyewe. Ushindi huo hautuambii lolote kuhusu ugumu wa kundi. Uondoe. Baki na mechi 44 za nje, na hapo ndipo kundi linapojulikana rangi yake.

AFC Magharibi ya 2022: jumla 35, toa 12, bakia 23 kati ya 44. Nusu na kidogo. NFC Mashariki: jumla 43, ushindi wa ndani ulikuwa 11 kwa sababu Giants na Washington walitoka sare ya 20-20 mara moja, bakia 32 kati ya 44. Kumbuka makundi yote mawili mwaka ule yalikutana na AFC Kusini, kwa hiyo hakuna wa kusema mwenzake alipewa wepesi peke yake. Tofauti ni ushindi tisa. Magazeti yalitazama majina kwenye migongo ya jezi.

Wengine hujumlisha makadirio ya kampuni za kamari, ushindi wa timu hii na ule wa timu ile, kisha wanasema kundi lenye jumla kubwa ndilo gumu. Hiyo ni afadhali kuliko majina, lakini wale wa mikeka wanajua kwamba ratiba tayari imo ndani ya makadirio hayo. Unapima nguvu na bahati kwenye kapu moja.

Na hapo ndipo ninapoingia kwenye nyumba yenu. NFC Kaskazini ya 2024: jumla 45, toa 12, bakia 33 kati ya 44. Rekodi tamu, sipingi. Ila hizo mechi za nje tuzifungue. Kundi hili lilipangiwa AFC Kusini yote na NFC Magharibi yote. AFC Kusini mwaka ule ilikuwa na Jacksonville wa ushindi 4 na Tennessee wa ushindi 3. Kaskazini ikawapiga 14-2, yaani ushindi 14 na vipigo 2. Detroit peke yao waliwafunga Tennessee 52-14 na Jacksonville 52-6. Dhidi ya NFC Magharibi ilikuwa 12-4. Zimebaki mechi 12 na timu za makundi mengine. Humo, kundi letu lilishinda 7 na kupoteza 5.

Naona vichwa vinatikiswa. Subirini, bado sijafika kwenye mtoano.

Kwenye mtoano Vikings wa ushindi 14 walikutana na Rams wa ushindi 10, mechi ikahamishiwa Arizona kwa sababu ya moto wa Los Angeles, wakafungwa 27-9. Green Bay walipigwa na Philadelphia 22-10. Detroit walipumzika wiki ya kwanza, kisha wakafungwa nyumbani na Washington 45-31. Timu tatu, mechi tatu, zote nje. Mechi moja ya mtoano si ushahidi mkubwa, na ulinzi wa Detroit ulikuwa umejaa majeruhi tangu Aidan Hutchinson alipovunjika mguu. Lakini walioshinda 7 kati ya 12 nje ya ratiba nyepesi kufungwa na timu ngumu si muujiza.

Msikilizaji makini atanikamata hapa, na ana haki. Atasema: mwalimu, unaiita NFC Magharibi nyepesi wakati imeonekana nyepesi kwa sababu sisi ndio tuliipiga. Kweli. Mzunguko huo upo kila mara unapopima makundi, na dawa yake ni kuondoa tena. NFC Magharibi ya 2024 ilikuwa na jumla ya ushindi 34. Ligi nzima ina mechi 272, ukigawa kwa makundi manane unapata 34 kamili, yaani hao walikuwa wastani wenyewe. Nje ya kundi lao walikuwa 22-22. Toa zile 4-12 walizocheza nasi. Wanabaki na 18-10 dhidi ya dunia nzima iliyobaki. Hilo si kundi nyepesi. Hilo ni kundi lililokutana na Detroit, Vikings na Green Bay katika mwaka wao mzuri.

Basi kumbe sifa za Kaskazini kuwapiga Magharibi zinapanda kidogo, na hapo nawarudishia kipande cha heshima yenu. Lakini pia ina maana Magharibi walidharauliwa kupita kiasi, na kwa msimu huu hilo ndilo lenye faida kulijua.

Kwa sababu ratiba imegeuka. Mwaka huu NFC Kaskazini inacheza na AFC Kaskazini na NFC Mashariki. Makundi hayo mawili mwaka jana yalikuwa na ushindi 70 kwa jumla. Yale tuliyocheza nayo 2024 yalikuwa na 59. NFC Magharibi wao wanahama kutoka kwenye makundi yenye 75, yaani sisi na AFC Mashariki, kwenda AFC Kusini na NFC Kusini yenye 53. Fikirini hilo: Rams na Seattle hawahitaji kuboreka hata chembe ili rekodi zao zipendeze.

Na makwotabeki watakaokuja kwetu ni akina nani? Lamar Jackson wa Baltimore. Joe Burrow wa Cincinnati. Aaron Rodgers, naam, yule yule wa zamani wa Green Bay, sasa yuko Pittsburgh. Kisha kuna timu ya Philadelphia, ambao Februari waliwafunga Kansas City 40-22 wakachukua ubingwa, na Washington wa ushindi 12. Pittsburgh mtawaona Dublin Septemba 28, na wiki inayofuata ni Cleveland mjini London.

Juu ya hapo kuna watu walioondoka. Detroit wamepoteza wasaidizi wakuu wawili wa kocha: Ben Johnson wa mashambulizi amekabidhiwa timu Chicago, na Aaron Glenn wa ulinzi amekwenda Jets. Vikings wamemwacha Sam Darnold aende Seattle baada ya ushindi 14 na sasa wanamtegemea J.J. McCarthy, ambaye mwaka mzima uliopita hakucheza kwa sababu ya goti. Huenda kijana akawa moto, mimi namtakia heri. Ila kwotabeki ambaye hajacheza hata mechi moja ya ligi, hakuna hesabu ya kumpima.

Mtaniambia juzi Alhamisi Green Bay wamemchukua mlinzi Micah Parsons kutoka Dallas kwa kutoa chaguo mbili za raundi ya kwanza, yaani haki ya kuchagua wachezaji chipukizi, pamoja na mchezaji wao Kenny Clark. Parsons ni mchezaji wa kutisha. Lakini mechi sita za Green Bay ni za ndani ya kundi. Akimwangusha Jared Goff, kwotabeki wa Detroit, mara tatu, Green Bay wamepata na Detroit wamekosa, kundi liko pale pale. Chicago wakiimarika chini ya Johnson ni vivyo hivyo kwa mechi sita, ushindi 12 ule ule unagawanywa upya. Faida ya kundi itaonekana kwenye zile mechi 11 za nje tu.

AFC Magharibi nayo ina wapambe wengi mwaka huu, na safari hii nawaelewa zaidi kuliko 2022. Andy Reid, Sean Payton, Pete Carroll, wote watatu wameshinda Super Bowl kama makocha, na wa nne ni Jim Harbaugh. Mwaka jana nje ya kundi walikuwa 28-16.

Aliyeniuliza mlangoni kama ugumu wa kundi una maana yoyote zaidi ya majigambo, jibu ni kwamba una gharama. Mwaka 2008 New England walishinda 11 wakakaa nyumbani, wakati San Diego waliongoza kundi lao kwa 8-8 wakaingia. Mwaka 2010 Seattle waliongoza kundi kwa 7-9 na New Orleans, mabingwa watetezi wenye ushindi 11, wakalazimika kusafiri kwenda kwao. Wakafungwa 41-36.

Na rekodi ya timu moja moja nayo inadanganya. Mnaikumbuka 2022 ya hapa hapa: ushindi 13, kurudi kutoka 33-0 dhidi ya Indianapolis na kushinda 39-36, kelele mji mzima. Msimu ule Vikings walifunga pointi 424 na kufungwa 427. Giants wakaja wakawatoa kwenye mechi ya kwanza ya mtoano.

Basi utabiri wangu huu hapa, uandikeni mnisute nao Januari. NFC Kaskazini itashuka chini ya ushindi 40. NFC Magharibi itavuka 40. Na timu ya Kaskazini itakayomaliza na ushindi tisa mwaka huu inaweza kuwa bora kuliko tulivyodhani kwa kuangalia wale wa ushindi 11 mwaka jana.

Wiki ya kwanza msihesabu kitu. Jumapili Septemba 7 Detroit wako Green Bay, na Jumatatu Vikings wako Chicago, zote ni mechi za ndani. Kundi litatoka na ushindi mbili na vipigo viwili, labda kuwe na sare. Daftari lifunguliwe Alhamisi Septemba 11, Washington watakapokuja Green Bay. Sasa nipo kwa maswali, na naomba aanze yule bwana wa jezi namba nne aliyekuwa akinung'unika tangu nilipotaja Arizona.