Breki za Kitonga: Mhadhara Kuhusu Dawa za ADHD kwa Watu Wazima, Mbeya

Mugonile, wazee wangu, kaka na dada zangu. Ahsanteni kwa kuja na baridi hii.

Kuna fundi cherehani, hodari kweli, anakata suruali tano asimalize hata moja, mpaka wateja wanamwita mwongo. Huenda si mwongo; huenda ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza akili. Tangu darasa la pili akili yake haijawahi kutulia mahali pamoja. Hilo neno "tangu" lishikeni: ADHD haianzi ukubwani, dalili zake huwapo kabla ya miaka 12. Aliyeanza kusahau mwaka jana baada ya msiba, tumtafutie sababu nyingine kwanza.

Dawa zinazotangulia ni za kuchangamsha: methilifenideti na jamii ya amfetamini. Huongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo. Watu hushtuka: mtu hatulii, unamchangamsha tena? Lakini kinachoamshwa ni breki za akili, na aliyewahi kushuka mlima Kitonga na lori lenye mzigo anajua breki ni nini.

Methilifenideti ya kawaida hushika ndani ya saa moja, ikaisha baada ya muda wa saa 3 au 4. Ile inayojiachia polepole hudumu kwa muda wa saa 8 hadi 12. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: siku yako ikoje? Mwalimu anayefundisha asubuhi na kusahihisha madaftari jioni, kidonge kifupi kitamwacha njiani. Akimeza kirefu alasiri, usiku hatalala.

Ipo pia atomoksetini, isiyo ya kuchangamsha. Inamfaa zaidi aliyewahi kunaswa na uraibu. Huanza mara nyingi na miligramu 40 kwa siku, kisha 80, na matokeo huchukua wiki 4 au zaidi. Inaniuma ninapoona mtu ameiacha wiki ya pili akisema haifanyi kazi. Hakuipa nafasi!

Zote zinaweza kupandisha presha na kukata hamu ya kula, basi tunapima presha na mapigo ya moyo kabla ya kuanza, na tena kila dozi inapopanda. Na tafadhali, usimgawie rafiki kidonge chako. Methilifenideti inadhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, haitolewi bila cheti cha daktari.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu kahawa yetu ya Mbozi. Mama, kahawa si tiba ya hali hii, na ikikutana na vidonge vya kuchangamsha moyo unaweza kwenda mbio. Punguza vikombe kwanza, kisha njoo tukupime.