Armi Kuusela: Miss Universe wa kwanza, aliyeipiga chini Hollywood akaolewa

Haya jamani tuanze, nyie wa kule nyuma sogeeni, viti vipo. Leo namwongelea Armi Kuusela, Mfini, Miss Universe wa kwanza kabisa, mwaka 1952, ila siwezi kumfikia bila kupitia ugomvi wa nguo za kuogelea maana shindano lenyewe lilizaliwa hapo.

Iko hivi. Miss America wa 1951 alikuwa Yolande Betbeze, binti wa Alabama, mwimbaji wa opera, alipovikwa tu taji akagoma kuzungushwa huku na huku akipigwa picha na vazi la ufukweni. Sasa Catalina, kampuni iliyotengeneza hayo mavazi na ndiyo iliyokuwa inadhamini, ikanuna, ikachukua hela zake ikaenda kuanzisha shindano lake yenyewe Long Beach, California. Kwa hiyo mtu akikwambia Miss Universe ni urafiki wa mataifa mwitikie tu, ila ujue mwenye hela alikuwa anauza nguo.

Basi Juni 28, 1952 akashinda Armi, kabinti ka miaka 17 kutoka Muhos, huko kaskazini mwa Ufini, kati ya warembo 30. Na taji alilovikwa sasa! Halikuwa la duka, lilikuwa la almasi, la harusi za ukoo wa tsar, yaani mfalme wa Urusi, ndilo alilovaa Alexandra alipoolewa na Nicholas II mwaka 1894. Yaani Warusi haohao walioitawala Ufini mpaka 1917, leo taji lao liko kichwani kwa binti wa Kifini, mimi hapo huwa nacheka peke yangu. Kwao Ufini ilikuwa shangwe tupu, maana wiki tatu baadaye Olimpiki ikafunguliwa Helsinki, na mwaka huohuo wakamaliza kuilipa Urusi fidia ya vita, nchi ndogo, imetoka vitani imechoka, halafu ghafla dunia nzima inaitaja.

Zawadi mojawapo ilikuwa mkataba wa filamu na kampuni ya Universal. Wangapi hapa wangekataa? Armi hakuutaka. Katika kuzungushwa duniani na taji lake akafika Ufilipino, akakutana na mfanyabiashara Virgilio Hilario, wakapendana, na Mei 1953 wakafunga ndoa Tokyo, muda wake wa umalkia haujaisha! Akahamia Manila, wakazaa watoto watano. Watu wanasemaga alipoteza bahati, mi sikubaliani, yule wa 1953, Christiane Martel wa Ufaransa, aliingia kweli kwenye filamu na hakuna ubaya, ila Armi alichagua mwenyewe, tena akiwa na miaka 18, wakati kila mtu ana mpango naye.

Hilario alifariki 1975, miaka michache baadaye Armi akaolewa na mwanadiplomasia wa Kimarekani, Albert Williams, akaja kutulia California, jimbo lilelile la Long Beach.

Na sisi? Tanzania tumechelewa sana hapo, wa kwanza wetu ni Flaviana Matata, 2007 kule Mexico, na kipara chake, akaingia hadi kumi bora. Haya, maswali, dada wa kitenge cha njano anza wewe.